Baiskeli ikizingua porini, fanya hivi

Umekula mweleka, baiskeli iko kule we uko huku. Najua akili yote inakimbilia baiskeli, iache kwanza, ila kama iko katikati ya njia na wenzako wanashuka nyuma yako ivute pembeni fasta. Anza na mwili wako. Kaa chini dakika kadhaa maana ukiwa na mshtuko husikii maumivu, yanakuja baadae. Pitisha vidole kwenye ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, ndo unaovunjika sana ukijikinga na mkono. Shingo ikiuma usijigeuze geuze, tulia waite msaada. Na kama umegonga kichwa afu unasikia kizunguzungu, kichefuchefu au hukumbuki ulivyoanguka, basi kuendesha kumeisha kwa leo. Helmeti iliyopiga chini kwa nguvu ibadilishe ukifika, hata kama nje inaonekana poa.

Haya sasa pancha, maana ndo kesi nyingi. Mtu akisikia pssss anachomoa tyubu haraka haraka, anaweka mpya, anajaza upepo, anaondoka. Mi nilifanya hivyo, sikufika hata mita mia mbili, tairi chini tena. Mwiba ulikuwa bado umo kwenye tairi, kancha tu kametokeza kwa ndani, sikukaona mpaka nilipopitisha kitambaa kikanasa (usipitishe kidole kitupu, utanikumbuka). Siku hiyo nilikula tyubu mbili kwa mwiba mmoja.

Kwa hiyo kabla hujaweka kitu tafuta kilichotoboa. Mi nikifunga tairi huwa naweka maandishi yake usawa wa valvu, nikipata tundu kwenye tyubu nailaza juu ya tairi najua pa kuangalia. Tundu lenyewe linaongea: likiwa moja upande wa nje ni mwiba au kioo, yakiwa mawili yamekaa sambamba kama umeng'atwa na nyoka basi upepo ulikuwa mdogo ukagonga jiwe rimu ikabana tyubu, na likiwa upande wa ndani kagua vichwa vya spoki na ule utepe wa rimu. Kiraka: piga msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba, halafu SUBIRI, kama dakika tano hivi mpaka ikauke juu, ndo ubandike na ukandamize. Wengi wanabandika ikiwa mbichi afu wanalaumu kiraka. Tyubu itie upepo kidogo kabla ya kuiingiza isijikunje, na tairi malizia kwa mikono, yale machuma ya kutolea tairi yakiteleza yanabana tyubu unaanza upya.

Tairi likichanika ubavuni, kunja pakiti ya biskuti au noti mara kadhaa uiweke kwa ndani kati ya tairi na tyubu, itakufikisha. Huna kiraka wala tyubu kabisa? Shindilia majani ndani ya tairi kwa nguvu zako zote, utaenda polepole kama umepanda gunia lakini rimu itapona.

Cheni ikikatika, sukuma pini ya kile kipande kibovu ukitoe, uunge na kipande cha kuungia, ila kilingane na gia zako, cha gia 9 hakikai kwenye cheni ya gia 11. Ule mkono wa gia wa nyuma, unaohamisha cheni, ukipinda ukaingia kwa ndani usilazimishe kukanyaga pedali, unaingia kwenye spoki unavunja kila kitu. Unyooshe kwa mkono taratibu na usiguse gia kubwa ya nyuma mpaka ufike kwa fundi. Mkono huo wa gia umevunjika kabisa? Utoe, fupisha cheni, endesha na gia moja.

Spoki iliyokatika izungushie kwenye ya jirani isije ikanasa kwenye fremu. Rimu ikikaa kama chapati iliyojikunja, toa gurudumu, lilaze chini kandamiza kwa magoti pale palipoinuka, hapo ni ya kurudia nyumbani tu.

Halafu kama una breki za diski za mafuta usibonyeze breki gurudumu likiwa nje, pedi zitabanana ushindwe kulirudisha. Chomeka karatasi ngumu katikati ya pedi. Na diski usiishike ukitoka kwenye mteremko mrefu, inaunguza.

Kabla hujapanda tena bana gurudumu la mbele katikati ya magoti unyooshe usukani, bonyeza breki zote mbili, inua baiskeli kidogo uidondoshe usikilize kama kuna kinachogonga. Ukikuta ufa kwenye fremu au foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) hata kama ni kama unywele, hiyo unaikokota tu hadi barabarani.