Kupima aloi nyepesi inavyoliwa na viputo vya maji, gramu zisikudanganye

Propela ya alumini ikitoboka toboka kama sifongo watu wanasema kutu tu, kumbe mara nyingi ni kavitesheni: presha ya maji inashuka, viputo vya mvuke vinatokea, vikifika penye presha kubwa vinasinyaa kwa kishindo na kuipiga metali, hivyo hivyo mara maelfu kwa maelfu mpaka inang'oka.

Kujua aloi ipi (metali iliyochanganywa na nyingine) inavumilia, tafuta mashine ya altrasoniki ya kilohezi 20, yaani inatikisika mara elfu ishirini kwa sekunde. Njia inayotumika sana ni ASTM G32, kanuni rasmi ya kupima kavitesheni: ncha ya mashine inatikisika mikromita 50 toka juu kabisa hadi chini kabisa, ndani ya maji yaliyokenekwa ya nyuzi 25. Sampuli ukiifunga kwenye ncha yenyewe sawa, ila kama haifungiki iweke chini ya ncha, uache nafasi kama nusu milimita. Na vaa vizibo vya masikio, hiyo kelele si mchezo.

Piga msasa mpaka uso uwe laini, mikwaruzo isibaki maana viputo vinapenda kuanzia hapo, osha, kausha vizuri kabisa, halafu pima kwa mizani inayosoma miligramu 0.1. Washa, zima, osha, kausha, pima tena, ndo kazi yenyewe, inachosha. Maji yanapata joto haraka kwahiyo chombo kikae ndani ya maji baridi, joto likibadilika na matokeo yanabadilika.

Mwanzoni mizani haitaonyesha kitu, usidhani mashine mbovu. Uso unabonyea kwanza, vipande vinaanza kutoka baadae. Alumini laini inapita hapo upesi, titani inakaa sana.

Sasa hapa ndo wengi wanapokosea, wanalinganisha uzito uliopotea. Gawanya miligramu kwa densiti (miligramu kwa kila milimita ya ujazo): alumini 2.7, magnesi 1.74, titani 4.5. Alumini ikipoteza miligramu 27 na titani 45, zote zimeliwa milimita za ujazo 10, sawasawa, ingawa kwa mizani titani inaonekana imeumia zaidi.

Magnesi ina kasheshe yake, maji peke yake yanaila. Loweka kipande kingine cha aloi hiyo hiyo, kimepigwa msasa vilevile, maji yaleyale na muda uleule bila mtikisiko, ukipime pia, ndo utajua viputo vimekula ngapi na maji ngapi.