Kuipima baiskeli ya mazoezi kwa mwili wako: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa anayeanza nyumbani

Wengi wanaoiacha baiskeli ya mazoezi baada ya wiki chache hawaiachi kwa uvivu, ingawa ndivyo wanavyojishutumu wenyewe na ndivyo wanavyosemwa na watu wa nyumbani. Wanaiacha kwa sababu goti linauma, makalio yanawaka au viganja vinakufa ganzi, na kila mmoja anadhani kwamba hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Katika kazi yangu ya kuwafungia watu mashine hizi majumbani hapa Dar es Salaam na kuwasimamia siku za mwanzo, nimeona kwamba matatizo hayo hutokana zaidi na kiti kilichowekwa vibaya kuliko na udhaifu wa mtu. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye kiti na kupita haraka kwenye mengine.

Hatua ya 1: Mashine na mahali pake

Kama bado hujanunua, chagua baiskeli inayotumia sumaku kuongeza uzito wa kukanyaga, badala ya ile yenye kipande cha ngozi au sufi kinachosugua gurudumu. Katika ile ya sumaku hakuna kinachogusana na gurudumu, kwa hiyo haipigi kelele wala haina pedi ya kuisha. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba kiti kinapanda na kushuka na pia kinasogea mbele na nyuma, kwa kuwa nyingi za bei nafuu hupanda na kushuka tu. Mwenye matatizo ya mgongo au ya kupoteza mizani atafutiwe ile ya kuegemea, yenye kiti chenye mgongo. Kioo cha baiskeli ya mazoezi cha kuonyesha muda mara nyingi hutumia betri ndogo za kawaida, na hiyo ndiyo sababu mojawapo inayonifanya niipendelee kuliko mashine ya kukimbilia: umeme ukikatika, mazoezi yanaendelea.

Iweke kwenye sakafu iliyo sawa, karibu na dirisha, na feni iwe mbele yako. Barabarani mwendesha baiskeli hupata upepo unaokausha jasho, lakini ndani ya chumba upepo huo haupo, na kwa joto na unyevu wa pwani mwili hushindwa kupoa hata kama miguu bado ina nguvu.

Hatua ya 2: Kufunga pedali

Pedali huwa na alama ya L kwa kushoto na R kwa kulia, na uzi wa bolti ya kushoto umegeuzwa. Huna haja ya kukariri: kwa pande zote mbili, spana ikiwa imesimama wima juu ya bolti, unakaza kwa kuivuta kuelekea mbele ya baiskeli. Anza kwa vidole, na ikigoma usiilazimishe, bali itoe na uanze upya, kisha umalizie kwa spana namba 15.

Hatua ya 3: Kiti

Mama mmoja wa makamo niliyemfuata kwake alikuwa akichua goti kwa dawa kila jioni, na kiti chake kilikuwa kwenye tundu la chini kabisa. Nilipotaka kukipandisha alikataa. "Mwanangu, mimi nataka miguu yangu iguse chini, nisije nikaanguka." Nilimjibu, "Mama, baiskeli hii haina pa kwenda." Hofu yake ni ya kila aliyejifunzia barabarani, ambako kuweka mguu chini ni usalama. Baiskeli ya ndani imesimama kwa miguu yake yenyewe, kwa hiyo kiti hupimwa kwa pedali, wala si kwa sakafu. Ukishindwa kukipanda, weka kijukwaa imara pembeni.

Vaa viatu utakavyofanyia mazoezi, kwani unene wa soli hubadilisha kipimo, na kandambili haziruhusiwi hapa. Panda, kaa katikati ya kiti bila kuegemea upande, kisha weka kisigino juu ya pedali iliyofika chini kabisa. Katika hali hiyo mguu unapaswa kunyooka wote bila kujinyoosha kwa kulazimisha. Baada ya hapo, sogeza mguu ili sehemu pana ya wayo, iliyo nyuma kidogo ya vidole, ndiyo ikae juu ya ekseli ya pedali. Sasa goti litakuwa limepinda kidogo, kiasi cha nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo panapotafutwa.

Kipimo hiki cha kisigino kina mitego yake. Mtego mkubwa ni kiuno: mtu anaweza kuona mguu umefika kumbe ameinamisha nyonga upande mmoja ili ufike. Hutaliona hilo ukiwa juu ya kiti, kwa hiyo mwombe mtu asimame nyuma yako, au egesha simu nyuma ikurekodi kwa dakika moja huku ukikanyaga. Kiuno kikiyumba kushoto na kulia kila pedali inaposhuka, kiti kiko juu mno hata kama kisigino kilisema kiko sawa. Mtego wa pili ni matundu ya mlingoti wa kiti, ambayo kwenye baiskeli nyingi yako mbali kiasi kwamba kipimo chako kinaangukia katikati ya mawili. Hapo mimi huanza na tundu la chini na viatu vya soli nyembamba. Anayetaka la juu atumie soli nene zaidi, na kiuno kikianza kuyumba arudi chini. Mtego wa tatu ni alama ya mwisho iliyochorwa kwenye mlingoti, ambayo haivukwi kwa hali yoyote, kwa sababu mlingoti usioingia vya kutosha unaweza kupinda au kuchomoka. Mtu mrefu anayelazimika kuivuka alama hiyo anahitaji baiskeli nyingine.

Urefu ukishapatikana, pima mbele na nyuma. Fanya timazi kwa kufunga nati kwenye uzi. Simamisha pedali zikiwa usawa mmoja, moja mbele na nyingine nyuma, kisha shikilia uzi kwenye kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti la mguu wa mbele. Nati ikining'inia kwenye ekseli ya pedali, umeanza vizuri. Ikiangukia mbele ya ekseli, rudisha kiti nyuma, na ikiangukia nyuma yake, kisogeze mbele. Timazi si sheria, ni mahali pa kuanzia, na kwa baiskeli ya kuegemea haifai kabisa. Kumbuka pia kwamba kiti kinaporudi nyuma, pedali inakuwa mbali zaidi na nyonga, kwa hiyo rudia kipimo cha kisigino kila unapokisogeza. Mwisho, weka pima maji juu ya kiti: kiwe sawa, kwa kuwa pua iliyoinuka huleta ganzi sehemu za siri, na iliyoinama hukufanya uteleze mbele na kuubebesha uzito mikono.

Baada ya siku kadhaa mwili wenyewe utakuambia kilichobaki. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi humaanisha kiti kiko chini au kimekaribia mbele mno. Maumivu ya nyuma ya goti humaanisha kiko juu au nyuma mno. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, tena kwa kiasi kidogo, la sivyo hutajua kilichosaidia. Goti lililovimba, au linalouma hata usiku ukiwa umelala, si la kiti bali la daktari.

Kama mnaitumia wawili nyumbani, chora mstari wa rangi ya kucha kwenye mlingoti kwa kila mmoja. Yule mama sasa ana wake mwekundu, na binti yake ana mweupe juu kidogo.

Hatua ya 4: Usukani

Mwanzoni uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Viwiko vilegee.

Hatua ya 5: Kukanyaga

Anza na dakika 5 nyepesi, na malizia vivyo hivyo. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4: mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika inamtosha anayeanza. Ukiongeza uzito mpaka mizunguko ikashuka sana, unayakandamiza magoti bila faida.

Kipimo cha nguvu ninachokiamini ni sauti. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, uko kwenye kiwango cha wastani. Ile hesabu ya 220 kutoa umri, ya kukadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo, haimfai anayetumia dawa za presha kama atenolol, ambazo huyazuia mapigo ya moyo yasipande. Namba ya kalori kwenye kioo ipuuze kabisa, hasa pale mashine isipokuuliza hata uzito wako.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Usizifuate wiki ya kwanza. Anza na dakika 10 au 15, siku moja ndiyo na nyingine hapana, uongeze polepole mpaka ufike 30 kwa siku tano. Kisha, ukitaka, ingiza dakika moja ya nguvu na mbili za kupumzika, mara sita. Makalio huchukua wiki mbili hivi kuzoea, na kaptura yenye sponji husaidia kuliko kifuniko laini cha kiti, ambacho huteleza na kuharibu kipimo chote cha hatua ya tatu.

Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kupanda, na ikiwa chini ya 5.0 mmol/L ale kitu chenye wanga kwanza. Kifua kikibana, au ukipata kizunguzungu, shuka na uende hospitali.

Hatua ya 6: Kusimama na kutunza

Katika baiskeli zenye gurudumu zito la mbele, pedali mara nyingi huendelea kuzunguka hata ukiacha kukanyaga. Usichomoe mguu, kibonyeze chini kitufe cha kuongeza uzito mpaka gurudumu lisimame. Ukimaliza, kaza uzito wote ili watoto wasiweze kulizungusha, kwa kuwa vidole huumia hapo.

Futa jasho kwa kitambaa kikavu kila siku, maana chumvi yake hula bolti. Baada ya wiki ya kwanza kaza pedali upya. Ukisikia mlio wa "kwa, kwa" kila mzunguko, simama hapo hapo na uanze kukagua pedali ya kushoto, kwa sababu ukiendelea kukanyaga ikiwa imelegea, uzi wa mkono wake, yaani chuma kinachoishika pedali, utaliwa, na mkono huo ni kipuri kigumu kupatikana.