Mtoto wako anaogopa mvua na ziwa? Namna ya kumsaidia kijana anayehangaishwa na mabadiliko ya tabianchi

Nafundisha jiografia na kushika dawati la ushauri katika sekondari moja ya kata huku Ilemela, Mwanza, upande wa mialo ya Ziwa Victoria. Kila masika huja wanafunzi wakilalamika kichwa kinauma, tumbo linakata, usingizi haupo. Wengi ni watoto wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa. Ukikaa nao kidogo, neno hutoka lenyewe: "Madam, ziwa likipanda tena tutaenda wapi?" Nawaandikia ninyi wazazi wa watoto hawa.

Anza na mwili. Mpeleke akapimwe malaria, na kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa, kichocho pia. Majibu yakitoka safi na bado moyo unamwenda mbio kila mawingu yakitanda, usiseme anadeka, wala usianze kutafuta nani kamtupia kitu. Hofu inaumiza tumbo kwelikweli.

Kisha zungumza naye, ila chagua wakati. Kama baba yake anavua dagaa, usisubiri Jumapili, subiri mbalamwezi. Wakati wa giza baba yuko ziwani na taa usiku kucha, mchana amelala. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi inapumzika na baba yuko nyumbani jioni. Mkae pamoja mkishona nyavu au mkichambua dagaa, maana kijana husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Muulize swali moja tu: "Mvua ikianza usiku, unawaza nini kwanza?" Halafu nyamaza. Akisita, mwache asite.

Tafadhali usimkatize kwa "acha kuwaza, mwombe Mungu". Sala iendelee, lakini isiwe ya kumfunga mdomo. Anachokiogopa kimetokea mbele ya macho yake: Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipita kimo cha 1964 kilichokuwa rekodi, na 2024 yakapanda tena.

Sikiliza mpaka ujue hofu yenyewe iko wapi, kwa sababu mara nyingi haiko pale unapodhani. Binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akilia kila mvua ya asubuhi. Mama yake aliamini anaogopa nyumba kusombwa. Kumbe hesabu ya binti ilikuwa hivi: mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa mchangani, wanalowa na kuoza, waliooza wananunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku, mama atashindwa rejesho la kikoba, yeye ataacha shule. Hiyo ndiyo tabianchi aliyokuwa akiijua. Mama alipoelewa, alimfungulia daftari la kikoba na kumwonyesha deni lililobaki, likawa dogo kuliko alivyodhani. Wakaanza pia kuanika juu ya vichanja vya wavu, turubai likiwa karibu, na binti akapewa kazi ya kuangalia mawingu na kuita watu wafunike. Mvua bado anaichukia, ila sasa anajua la kufanya inapokuja.

Kwa hiyo mpe kazi ya kweli katika mpango wa nyumbani, na mpango uwe wa kweli. Vyeti na madaftari vikae kwenye mfuko wa nailoni, mahali panapojulikana hata gizani. Mkubaliane mtahamia kwa nani kule mlimani maji yakifika mlangoni, na mwenye nyumba huyo aambiwe mapema. Mtoto asikie akiambiwa.

Mweleze pia ukweli wa ziwa, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na jua hurudisha mengi hewani. Ndiyo maana hupanda na kushuka. Mtafute babu au bibi anayekumbuka mvua zilizoanza 1961, mwaka wa Uhuru, ambapo ndani ya miaka michache ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Mwulize baba juu ya 2006, maji yalipokimbia ufuko na mitumbwi ikakwama. Lakini usimdanganye kwamba ni mambo yaleyale ya zamani. Watafiti waliochunguza kupanda kwa 2020 walikuta joto la dunia limeongeza uwezekano wake karibu maradufu.

Shuleni kwetu tumechomeka mti wenye alama za sentimita ukingoni, na wanafunzi husoma kimo kila Jumamosi, mwalimu akiwepo, bila kuingia majini. Kijana aliyeona kwa macho yake maji yakishuka baada ya masika hapokei kila kinachorushwa WhatsApp. Na hizo video za mafuriko zenye muziki wa kutisha ndizo zinazoiba usingizi. Simu ilale chumba cha wazazi. Taarifa za mvua msikilize za Mamlaka ya Hali ya Hewa, mara moja kwa siku, mkiwa pamoja.

Akikasirika, mwache akasirike. Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotoka duniani kila mwaka, na yeye analijua hilo; nimemfundisha mwenyewe. Mwambie pia hayuko peke yake. Utafiti wa 2021 uliohoji vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwemo, ulikuta 59 kati ya kila 100 wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu tabianchi.

Kuna hofu ambayo maongezi ya nyumbani hayaitoshi. Kama kwa wiki mbili hali wala halali, ameacha marafiki, anagawa vitu vyake, au anasema "bora nisingezaliwa", muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kusema. Siku hiyohiyo fungia dawa za kuulia wadudu wa pamba na za panya, mbali naye, ufunguo ukae nao wewe. Usimwache peke yake. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Nenda naye kituo cha afya, au hospitali ya Bugando, ambako kuna wataalamu wa afya ya akili. Andika kwenye karatasi siku alizokosa usingizi na maneno aliyoyasema, kama alivyoyasema, umkabidhi daktari. Mkifika, mwombe daktari aongee na mtoto peke yake kwanza, wewe ukisubiri nje.