Jicho Jekundu la Mbwa: Yatazame Haya Kabla ya Kutafuta Dawa

Msimu wa kiangazi katika Nyanda za Juu Kusini, upepo unapopeperusha vumbi na makapi ya nafaka kuanzia Uyole hadi Mafinga, mbwa wengi hupatwa na wekundu wa macho. Wekundu huo wenyewe si ugonjwa, bali ni dalili kwamba mishipa midogo ya damu imetanuka, na chanzo chake chaweza kuwa vumbi tu au maradhi yanayopofusha ndani ya siku moja au mbili.

Mpeleke mbwa penye mwanga, mshike kichwa kwa upole, kisha linganisha macho yote mawili. Yakiwa mekundu yote, machozi yake ni maangavu na mbwa anayafumbua bila taabu, mara nyingi ni vumbi, moshi wa jikoni au mzio. Jicho moja pekee lanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa huenda mbegu ya nyasi imejificha nyuma ya kope la tatu, ule utando wa pembe ya ndani, au konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, imekwaruzwa na kucha za paka.

Mbwa akilifumba jicho kwa maumivu, konea ikiwa na ukungu, mboni zikiwa hazilingani au jicho likivimba, usingoje kesho, maana huenda shinikizo la ndani ya jicho limepanda. Ukungu ukiambatana na homa kwa mbwa mwenye kupe wengi, au aliyepita kwenye mbung'o kando ya Hifadhi ya Ruaha, daktari wa mifugo ampime damu.

Vumbi lioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita 1. Swila akimtemea sumu, osha papo hapo kwa maji mengi safi, bila kungoja chumvi. Kitu kilichochoma jicho usikichomoe.

Nakusihi sana usimtie matone ya binadamu yaliyobaki nyumbani. Yakiwa na deksamethasoni au haidrokotisoni, yaani dawa za steroidi za kupunguza uvimbe, na konea ina kidonda, kidonda hakitapona vizuri na konea yaweza kutoboka. Ndiyo maana daktari hutangulia kutia rangi ya floresini, ambayo hung'aa kijani palipo na kidonda, ndipo achague dawa.

Mkiwa njiani, mzuie asijikune, na ukumbuke saa uliyouona wekundu kwa mara ya kwanza, kwani daktari atakuuliza.