Kusoma TOGAF sehemu ya kwanza bila kukariri kama kasuku

Watu wa ofisini wakiniuliza nilisomea nini hadi nikapita TOGAF, ule mtihani wa mbinu ya usanifu wa mashirika (enterprise architecture), nawaambia nilisomea chama cha mamangu cha kuchangishana pesa, wanadhani nawachezea. Mara ya kwanza nilimeza herufi zote za awamu, A hadi H, nikawa nazisema hata nikiwa kwa matatu ya Rongai, na bado nikaanguka, pesa ikaenda hivyo tu. Kumbe maswali hayakuulizi herufi, yanakuuliza kitu fulani kinafanyika wapi na kwa nini hapo.

Hatua ya 1: jua unafanya toleo gani. La 9.2 lilitoka 2018, la 10 The Open Group, wenye TOGAF, wakalitoa 2022. Sehemu ya kwanza ni maswali 40 kwa dakika 60, hakuna kufungua kitabu, unapita na 24. Ya pili ni visa 8 kwa dakika 90, hapo kitabu unacho kwa skrini, na kila kisa jibu bora lina pointi 5, linalofuata 3, halafu 1, la mwisho unatoka mikono mitupu. Na usinunue yale maswali "yaliyovuja" ya Telegram bana, mimi nilinunua nikapata ya toleo la zamani, tena mengine majibu yake yalikuwa makosa.

Hatua ya 2: chukua kitu unakijua hadi jikoni, ukipitishe kwa ADM yote (Architecture Development Method), yaani zile awamu za kujenga usanifu. Mimi nilichukua chama, wamama wa Kayole, wana kaunta buku moja kubwa na sanduku la pesa, na wanataka kuhamia paybill, namba ya kulipia kwa simu. Awamu ya maandalizi ndio ile kabla hamjaanza, mnakubaliana kanuni na nani ana neno la mwisho. Halafu mwenyekiti anakuambia "tutolee hii daftari", hilo ni ombi la kazi (Request for Architecture Work), linaingia awamu A. Wewe unaongea na kila mtu, unarudi na karatasi inayosema utafanya nini, mpaka wapi, na imekubaliwa, hiyo ndio taarifa ya kazi (Statement of Architecture Work), inatoka awamu A. Ombi linaingia, taarifa inatoka, andika hiyo kwa mkono maana wanapenda kuzichanganya kwa maswali.

B ni biashara, yaani mchango, mkopo, faini, zamu ya nani. C ni data na programu, D ni teknolojia yenyewe, simu na mtandao. E unapanga hivyo vipande viwe miradi na unaona vituo vya katikati, kwa mfano miezi mitatu daftari na paybill zikienda pamoja, F unamalizia mpango wa kuhama, G unasimamia wanaojenga wasitoke nje ya mkataba wa usanifu, H unaangalia mabadiliko yakija. Mahitaji yanakaa katikati ya duara na yanaongea na awamu zote, hayana zamu.

Hatua ya 3: chora jedwali la pengo (gap analysis), la kulinganisha vya leo na vya kesho, lichore kweli. Hapa ndio mimi niliamka. Upande wa kushoto, kwenda chini, andika vilivyopo leo: daftari, sanduku, faini ya kuchelewa, mweka hazina anayepigia watu simu Ijumaa jioni. Juu, kwenda kulia, andika vya kesho: rekodi kwa simu, paybill, faini ya kuchelewa. Safu ya mwisho kulia iite "vilivyoondolewa", mstari wa mwisho chini uite "vipya". Faini iko pande zote mbili, pale zinapokutana andika "ipo". Paybill inaanguka kwa vipya. Sanduku linaenda kwa vilivyoondolewa, sawa. Na ile simu ya Ijumaa? Nayo nikaitupa huko huko nikamwonyesha mama, akaniangalia akasema, "Sasa nani atamkumbusha Mama Njeri? Hiyo simu ndio huleta pesa, si daftari." Basi hiyo ndio maana ya ile safu, kila kilichoangukia hapo unajiuliza tumekiondoa makusudi ama tumekisahau, na kama mlisahau kinarudi kwa mpango.

Hatua ya 4: maneno ya mapacha. Vyupointi (viewpoint) ni pale unaposimama, vyu (view) ni unachokiona ukiwa hapo. Matatu ni ile ile moja, lakini abiria anaangalia nauli, mwenye gari anaangalia hesabu ya jioni, askari wa trafiki anaangalia bima, kila mtu na wasiwasi wake. ABB (architecture building block, kipande cha usanifu) inasema "njia ya kupokea pesa kwa simu" bila kutaja bidhaa, SBB (solution building block, kipande cha suluhisho) inasema paybill ya M-Pesa. Diliverabo (deliverable) ni ile kazi ya kukabidhi, imeandikwa kwa mkataba na mtu anaikubali rasmi, atifakti (artifact) ni orodha, jedwali au mchoro ulio ndani yake. Lile jedwali la hatua ya 3 ukilifunga peke yake ukamletea bosi, bado ni atifakti.

Enterprise Continuum, ile rafu ya kupangia usanifu, isikusumbue, ni ngazi nne tu kutoka ya kila mtu hadi yako: msingi, mifumo ya pamoja, sekta, shirika lenyewe.

Hatua ya 5: fanya mazoezi na saa. Dakika moja na nusu kwa swali. Likikukwama liwekee alama uendelee, ukirudi mara nyingi utakuta swali la mbele limekukumbusha. Ukikosa mazoezini usisome jibu tu, rudi kwa chama chako utafute hicho kitu kinakaa wapi.

Na kabla hujalipia angalia jina la kwa akaunti ya mtihani lifanane na la kitambulisho, kama uliweka jina la utani badilisha leo.