Kubadilisha Pampu ya Maji ya Injini Ndogo ya Boti

Injini ndogo inayopachikwa nyuma ya boti hupozwa kwa maji yanayovutwa na pampu iliyo katika sehemu yake ya chini, juu kidogo ya gia. Kiini cha pampu hiyo ni impela, gurudumu dogo la mpira lenye mapezi yanayopinda, ambalo huzungushwa na shafti kuu. Mapezi yakikakamaa au yakikatika, ule mkondo mwembamba wa maji unaotoka ubavuni mwa injini hudhoofika. Kabla ya kufungua chochote, pitisha waya laini katika tundu la mkondo huo, kwa sababu chumvi na mchanga huliziba mara kwa mara.

Chomoa waya wa plagi ili injini isiwake kwa bahati mbaya. Weka gia katika nafasi inayoelekezwa na kitabu cha injini, tenganisha fimbo ya gia, kisha fungua bolti zinazoshika sehemu ya chini. Ikikataa kushuka, usiichokonoe kwa bisibisi, bali hakikisha kwanza kwamba hakuna bolti iliyobaki. Katika baadhi ya injini, bolti moja hujificha chini ya kipezi kidogo kilicho juu ya propela. Bolti iliyoshikwa na chumvi ipakwe mafuta ya kulegeza kutu na kupewa muda, kwani ikikatikia ndani itakupa kazi kubwa kuliko pampu yenyewe.

Ukishafungua kifuniko cha pampu, hesabu mapezi ya impela. Likikosekana hata moja, lazima litafutwe katika bomba la maji na karibu na themostati, yaani vali inayodhibiti joto la injini, kwa kuwa kipande hicho kikibaki njiani, injini itaendelea kuchemka hata kwa impela mpya. Pitisha ukucha kwenye bamba la chuma lililo chini ya impela na ndani ya kifuniko. Mahali ukucha unapokwama pamelika, na kifaa hicho kibadilishwe pia. Gasketi za zamani, yaani vipande vyembamba vinavyoziba maungio yasivuje, zisirudishwe kamwe.

Paka grisi kidogo kile kipande cha chuma kinachofunga impela kwenye shafti ili kisidondoke, kisha telezesha impela mahali pake. Lowesha mapezi kwa maji ya sabuni, na unaposhusha kifuniko zungusha shafti kuelekea upande inakozunguka injini ikiwaka, ambao kwa injini nyingi ni ule wa mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Ncha za mapezi zinapaswa kulala kinyume cha mzunguko huo. Kaza bolti kidogo kidogo kwa kupishanisha.

Meno ya shafti yapakwe grisi ubavuni tu. Ikirundikana kwenye ncha ya juu, inaweza kuizuia shafti kuingia hadi mwisho. Unapopandisha sehemu ya chini, elekeza bomba la maji katika mpira wake, na usitumie bolti kuvuta sehemu ambayo haijakaa. Unganisha fimbo ya gia, kisha jaribu gia zote kwa mkono huku ukizungusha propela.

Rudisha waya wa plagi na uwashe injini ikiwa ndani ya pipa lenye maji yanayofunika matundu ya kuingizia maji na kufika juu ya pampu, kwani sekunde chache za kuzunguka pakavu zinatosha kuunguza mpira. Mkondo usipotoka mapema, zima injini, ushushe tena sehemu ya chini, na uanze kwa kukagua kama bomba la maji liliukosa mpira wake.