Istilahi za Kiingereza: anza na samaki

Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza hapa Kigoma, na kila Januari nakuta daftari zilezile: maana za istilahi zimenakiliwa vizuri, mwenye daftari hawezi kuzitumia. Usikariri maana. Chukua neno moja ulifanyie kazi.

Mimi huanza na "fish". Andika: "The fish is fresh." Hapo ni nomino, "noun", kitu unachokiona kwenye beseni pale mwaloni Kibirizi. Sasa andika: "They fish at night." Herufi hazijabadilika hata moja, ila neno limekuwa kitenzi, "verb": kazi wanayoifanya wavuvi wa dagaa na taa zao usiku. Basi kila mara jiulize neno linafanya kazi gani kwenye sentensi hiyo. Wengi wanaangukia hapa, na inaniuma, maana ni jambo la kuelekezwa siku moja tu.

Kivumishi, "adjective", ni chepesi: sisi husema samaki mkubwa, Waingereza hutanguliza sifa, "big fish".

Tamathali za semi unazo tayari kutoka somo la Kiswahili. "The lake is like a mirror" ni tashbiha, yaani "simile". "Like" ndiyo "kama" yetu. Iondoe, "The lake is a mirror", umepata sitiari, "metaphor". Ziwa likichafuka, andika "The lake is angry", umelipa ziwa hasira kama mtu: tashihisi, "personification". Neno refu, lakini ndani yake mna "person", mtu.

Leo usiku tunga sentensi zako tatu, umsomee mwenzako akutajie ipi ni ipi.